Ukingo Ambao Mashine Haikuufikia

Mashine yetu ya kuchora haikufika ukingoni mwa karatasi. Kila upande iliacha sentimita moja nyeupe, na hata uibembeleze au uitukane, haikubali kwenda mbele zaidi. Vyuma vilivyoshika karatasi vilikuwa pale, na kalamu ikivikaribia inarudi. Nililijua jambo hilo kuliko mtu yeyote pale Kolwezi. Niliandika kikumbusho kwa mkono wangu mwenyewe na kukibandika ukutani juu ya mashine. Halafu siku moja nikasahau. Nitaeleza ni siku gani na kwa nini, maana nimebeba jambo hili miaka mingi na nimechoka kulibeba peke yangu.

Nilikuwa mchoraji wa ramani za majengo katika ofisi ya mkandarasi mmoja, Mzungu, aliyejengea wenye migodi. Nilianza na meza ya mteremko, kalamu za wino na wembe wa kukwangulia makosa. Kompyuta ilipoletwa, wazee wa ofisi waliizunguka kwa mbali, mimi nikaipenda siku ile ile. Mama alisema nimeoa kompyuta, na kweli mke mwingine sikuwa naye. Humo ndani unachora jengo kwa vipimo vyake kamili, mita kwa mita, na kiwanda kizima kinalala kwenye kioo kisichozidi ukubwa wa sinia. Shida inaanza unapotaka kukitoa. Kiwanda kikubwa hakiingii kwenye karatasi moja. Ukikibana kiingie, maandishi yanakuwa kama vinyesi vya nzi na fundi kule kwenye saruji hasomi kitu. Basi unakigawa. Unafungua dirisha kwenye kioo, juu ya kona moja ya ramani, kona hiyo inatoka kwenye karatasi ya kwanza. Unasogeza dirisha, inatoka karatasi ya pili, na hivyo hivyo mpaka ukimalize.

Utaalamu wote uko pale dirisha moja linapoishia na jingine linapoanza. Hukati kama unavyokata mkate. Kila karatasi inarudia kipande cha jirani yake, ukanda wa sentimita tatu, ili nguzo iliyo mwisho wa karatasi ya nne ionekane tena mwanzo wa karatasi ya tano. Ndani ya ukanda huo unapiga mstari wa kuungania na kuandika namba ya karatasi inayofuata. Chini kwenye pembe unaweka kiwanda kizima, kidogo kama kidole gumba, na kisanduku kimoja umekipaka wino kuonyesha uko wapi. Fundi akishika karatasi yoyote anajua amesimama wapi na jirani yake ni nani. Nilikuwa mkali sana juu ya ukanda ule. Mtu akiniletea karatasi isiyo nao nilimrudishia bila kumtazama usoni. Nilikuwa na majivuno, sina haja ya kuficha.

Niliyemfundisha kuliko wengine alikuwa kijana wa Katanga ya kaskazini, mdogo wangu kwa miaka sita, mtulivu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Aliniita yaya, yaani kaka mkubwa, na hakuniita hivyo kwa heshima ya ofisini tu. Jumapili alikuja kwetu kula bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya mama, yaani kisamvu, naye mama alimjazia sahani kuliko yangu. Nilimfundisha kila kitu isipokuwa kimoja. Kazi ya kugawa ramani kubwa nilijiwekea mwenyewe. Nilipenda watu waje mezani kwangu wakiwa na kofia mkononi waniombe.

Mimi nilizaliwa Kolwezi. Baba yangu alizaliwa Kolwezi na amezikwa Kolwezi. Babu ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Kasai yenyewe sikuwahi kuiona hata siku moja.

Kwanza ulikuja uporaji. Wanajeshi ambao hawakulipwa mishahara walianza, raia wakamalizia. Ofisini kwetu walibeba viti, mapazia, balbu, hata bakuli la choo. Mashine kubwa ya kuchora, ile ya karatasi za upana wa mita nzima, ilibebwa na wanaume wanne, na sijui walikwenda kuchora nini nyumbani kwao. Karatasi zake ndefu ziliishia sokoni. Nilinunua karanga, nikafungua kifurushi, nikakuta ngazi niliyoichora mwenyewe. Kilichopona ni kompyuta moja na mashine ndogo ya kuchora, ya karatasi ndogo, kwa sababu yule mwenzangu alivificha chini ya marundo ya magunia ya saruji yaliyoganda. Mzungu wetu akapanda ndege, akasema atarudi mambo yakitulia. Funguo za ofisi alimpa mwenzangu. Mwaka mmoja kabla yake funguo hizo zingekuwa zangu bila mjadala. Nilielewa kwa nini, mwenzangu naye alielewa. Kuanzia siku hiyo mimi nikawa namwita shefu, yaani mkuu wangu, yeye akaendelea kuniita yaya.

Maana tayari ilikuwa imeshasemwa kwenye mikutano kwamba Katanga ni ya Wakatanga, na sisi tuliotoka Kasai turudi kwetu. Walituita bilulu, yaani wadudu. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza babu zetu walitoka wapi. Jirani ambaye mama alimlelea watoto wawili alikuja kusimama mlangoni kwetu, macho chini, akasema nyumba yetu amepewa yeye. Mama hakubishana. Alifunga sufuria mbili, blanketi, Biblia na picha ya baba ndani ya kitenge, akafagia sebule, ndiyo, akaifagia, tukatoka.

Stesheni ya Kolwezi ilikuwa imegeuka mji. Watu walijaa uani, kwenye bohari, kando ya reli, chini ya plastiki na mashuka, wakingoja treni ya kwenda Kasai ambayo hakuna aliyejua siku yake. Nilimpatia mama nafasi kando ya ukuta wa bohari. Tulikuwa hapo siku mbili shefu aliponifuata na gari la ofisi.

"Yaya, kuja," aliniambia. "Plan ya kiwanda iko paka mu mashini. Mi siwezi kuitosha."

Alisema kweli. Kilikuwa kiwanda cha kusaga na kuosha mawe ya shaba, mita mia mbili na arobaini kwa mia moja na nane. Paa lake lilikuwa limeanguka upande mmoja na wenye nacho walitaka kulisimamisha upya. Ramani yote ilikuwa ndani ya kompyuta tu, kuitoa alijua mtu mmoja, mimi, na kompyuta yenyewe ilikuwa inakohoa kama mzee. Shefu asipowapelekea ramani kwenye karatasi, ofisi ingefungwa, na watu waliobaki wangekosa kazi. Akaniahidi kwamba nikimaliza ataniandikia barua ya makabidhiano, kwamba sikuondoka na mali ya ofisi, na kunirudisha stesheni yeye mwenyewe. Barua hiyo haikuwa mchezo. Kwenye vizuizi vya barabarani, vijana walimwita mwizi kila Mkasai aliyewahi kufanya kazi ofisini. Nilikuwa nimemwona karani mmoja akivuliwa nguo na kupigwa kwa ajili ya kitoboleo cha karatasi walichokikuta mfukoni mwake.

Nilimtazama mama. Alikuwa ameketi juu ya kitenge chenye vitu vyake vyote.

"Enda, mwana," akasema. "Mi sitapanda bila weye."

Nilidhani ananipa moyo. Kumbe alikuwa anatoa taarifa.

Tulipofika ofisini, shefu alinionyesha godoro, ndoo ya maji na ndoo nyingine tupu. Kisha akafunga mlango kwa nje na kufuli. Madirisha yalikuwa tayari na nondo zilizochomelewa baada ya uporaji.

"Juu ya weye mwenyewe, yaya," alisema kupitia kwenye nondo. "Bakikuona humu, mi ntasema nini?"

Huenda alisema kweli. Mpaka leo sijui. Mtu anayekufungia mlango kwa kukulinda na mtu anayekufungia ili usikimbie wanatumia kufuli lile lile.

Siku mbili za kwanza zilikwenda kwenye mashine. Kalamu mbili zilikuwa zimekauka, nikazilowesha kwa pombe kali mpaka zikaanza kutema wino. Umeme ulikuja kwa saa nne tu kila siku, na karatasi moja ilichukua karibu saa nzima. Kwa hiyo karatasi nne kwa siku, kama Mungu akipenda. Kupitia dirishani niliona ukuta, kipande cha barabara na tangi la maji. Watu walipita wakiimba nyimbo za kutufukuza, nyimbo nzuri kusema ukweli, zenye sauti ya pili na ya tatu kama kwaya, na nilijikuta mguu unapiga mdundo. Nilijichukia.

Habari za mama zilinifikia kwa njia moja tu, shefu. Kila mchana alileta bukari mbili, moja yangu na moja aliyokuwa akimpitishia mama. Siku ya pili alikaa kwenye kizingiti, hakuniangalia.

"Train ilifika asubui. Ilishaenda."

"Na mama?"

"Alikatala. Balimusukuma apande, akakamata nguzo na mikono mbili. Anasema anangoja mutoto yake."

Akaniambia pia kwamba watu stesheni wameanza kuharisha, na kwamba wawili wamezikwa nyuma ya bohari. Mama alikuwa na miaka sitini na kitu, na nikimjua mama, angeachia treni kumi zipite akiwa amekumbatia nguzo ile.

Hapo ndipo nilipochukua kalamu nikapiga hesabu upya. Kwa kufuata sheria yangu mwenyewe, pamoja na ukanda wa kurudia, kiwanda kilitaka karatasi thelathini na tano. Siku tisa. Lakini nikiondoa ukanda, nikiziweka karatasi bega kwa bega, ukingo kwa ukingo, zinatosha ishirini na nne. Siku sita. Siku tatu za uhai wa mama zilikuwa zimekaa ndani ya ukanda wa sentimita tatu. Sikujiuliza mara mbili. Mimi, niliyewarudishia watu karatasi zao bila kuwatazama usoni, niliufuta ukanda wote kwa dakika chache na wala sikuona haya. Nilipima dirisha kwa ukubwa wa karatasi nzima, nikabonyeza, kalamu ikaanza kukimbia. Kikumbusho kilikuwa ukutani, juu ya kichwa changu.

Nilifanya kazi kama mtu aliyepagawa. Sikuzitazama karatasi zilipotoka. Nilizitoa, nikaziweka kifudifudi kwenye rundo, nikaingiza nyingine. Umeme ukikatika nilikaa sakafuni nikahesabu mpaka elfu, nikaanza tena. Siku ya sita mchana karatasi ya ishirini na nne ilitoka, nikagonga nondo kwa rula kumwita shefu. Nilikuwa nimeshavaa viatu.

Alivua vya kwake. Nilikuwa nimemfundisha hivyo, kwamba huwezi kutembea juu ya ramani na viatu. Akatandaza karatasi sakafuni, sita kwa nne, akazisogeza zikagusana, kisha akapiga magoti na kuanza kuhesabu safu za nguzo kwa kidole. Hilo nalo nilimfundisha mimi. Safu za nguzo zina herufi, na ramani iliyogawanywa inakaguliwa kwa kuzihesabu kabla ya kitu kingine chochote.

"E, F, G, I," akasema. Akarudi. "G, I. Yaya, H iko wapi?"

H haikuwepo. Ilikuwa imeangukia pale karatasi mbili zinapokutana, na pale kila karatasi ilikuwa na sentimita yake moja nyeupe, mbili zikiwa pamoja, na sentimita mbili kwenye ramani ile ni mita mbili za kiwanda. Safu nzima ya nguzo ilikuwa imemezwa. Akaendelea kukagua, na mimi sasa nilikuwa nimepiga magoti kando yake. Kila karatasi mbili zilipokutana, mita mbili zilikuwa zimepotea. Milango miwili. Bomba kubwa lililokatika hewani. Chumba cha pampu, kilicho chini ya ardhi, kilikuwa na kuta nne na hakikuwa na ngazi. Fundi angejenga kwa karatasi zile, mtu aliye humo chini asingekuwa na pa kutokea.

"Chora kwa mkono," nilimwambia. "Pima, piga mstari, weka nguzo. Wee unajua."

"Naweka wapi? Namba ya hii nguzo iko mu mashini, mi siione. Nikikosa, paa itaangukia bantu tena."

"Shefu, mama anakufa kule!"

Aliweka kidole pale H ilipokosekana. Kisha akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha, "Ni weye mwenye ulinifundisha."

Nilitamani kumpiga. Nilimtukana, yeye na kabila lake lote, maneno ambayo wiki moja nyuma nisingeyafikiria, na yote aliyapokea akiwa bado amepiga magoti bila viatu. Nilisema anafanya makusudi, kwamba anataka mama aondoke na mimi nibaki mtumwa wake. Sikuamini hata nusu ya niliyosema. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa sahihi, na mwalimu wake ni mimi. Akaniachia bukari, akafunga kufuli.

Nikaanza upya, maana kuziba kila pengo kwa karatasi yake kungekula karatasi karibu hizo hizo. Karatasi thelathini na tano, na ukanda wake, na mstari wake, na kile kiwanda cha kidole gumba kwenye pembe ya kila moja. Niliweka dirisha la kwanza. Nilikuwa nimeiba siku tatu, sasa nadaiwa tisa.

Siku ya sita ya kazi hiyo ya pili nilikuwa kwenye karatasi ya ishirini na moja niliposikia honi ya treni. Aliyekulia Kolwezi anaijua honi ya treni inayoingia na honi ya treni inayotaka kuondoka. Hii ilikuwa inaingia. Niliita, nikapiga mlango kwa mikono, kisha kwa rula ya chuma mpaka ikapinda. Nilining'inia kwenye nondo nikimwita shefu kwa jina lake, jina ambalo sikuwa nimelitamka tangu apewe funguo. Kipande changu cha barabara kilikuwa kitupu. Watu wote walikuwa wamekwenda stesheni, wengine kuondoka, wengine kushangilia. Nyuma yangu mashine iliendelea kuchora kwa utulivu, nguzo baada ya nguzo. Sijui nilipiga kelele muda gani. Umeme ulikatika, kalamu ikasimama katikati ya ukuta wa karatasi ya ishirini na moja, na nikiwa kwenye ukimya huo nikasikia honi ya pili.

Nilikaa sakafuni. Sikulia. Nilikuwa nawaza nguzo ile ya stesheni, na mikono ya mama ilivyo midogo.

Shefu alikuja jua likiwa limeshainama. Shati lake lilikuwa limechanika begani. Alifungua mlango, akaingia, akabaki amesimama.

"Mama eko mu train," akasema.

"Alipanda namna gani?"

Akashika bega la shati lililochanika.

"Nakuuliza. Alisema hapandi bila mimi. Alipanda namna gani?"

"Alikuwa mugonjwa, yaya. Tumbo, tangu jana. Sikukuambia. Angebakia pale angekufa." Alilitazama rundo la karatasi. "Nilimwambia uko ndani. Nilimwambia nilikuleta mi mwenyewe, uko mu behewa ya mbele, kule nyuma kulijaa bantu hauwezi kupita. Njo akaachilia nguzo. Nilimubeba mi mwenyewe, nikamupatia nafasi ya kuikala."

Nilimpiga kofi. Ndilo kofi pekee nililowahi kumpiga mtu mzima. Hakurudisha, hakurudi nyuma hata hatua moja. Akaweka chakula mezani, akatoka, na siku hiyo hakufunga mlango. Niliutazama mlango ule ulio wazi mpaka giza likaingia. Sikutoka. Ningekwenda wapi? Nyumba yetu ilikuwa na watu wengine, treni ilikuwa imekwenda, na bila barua nisingepita kizuizi cha kwanza. Kesho yake umeme uliporudi niliirudia karatasi ya ishirini na moja tangu mwanzo, nikamaliza zote thelathini na tano bila kufungiwa na mtu. Tulipozitandaza, H ilikuwa mahali pake, mara mbili, kwenye karatasi ya huku na kwenye karatasi ya kule. Ngazi ya chumba cha pampu ilikuwepo. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na niliichukia kila mstari.

Alitimiza ahadi. Barua aliiandika kwa mwandiko wake ule mzuri, akanipeleka stesheni, akaniachia blanketi lake. Tuliagana kwa kupeana mikono kama watu wa ofisini. Sikumwona tena. Kuna siku namshukuru kwa kumbeba mama, na kuna siku nakumbuka sauti ya kufuli, nami sijawahi kujua kesho nitaamka na ipi.

Nilingoja treni wiki mbili. Safari yenyewe, Tenke, kisha siku nyingi za kusimama porini, kisha Kamina, sitaieleza. Wengi waliieleza, na mimi nilikuwa nimesimama tu mlangoni nikitazama kila mtu aliye kando ya reli nikitafuta kitenge cha rangi ya kijani.

Nilimkuta mama kwenye stesheni ya Mwene-Ditu, huko Kasai. Alikuwa amesimama kando ya reli, amekonda, amejifunga kitenge kile. Watu waliniambia baadaye kwamba kila treni ilipofika alikwenda kwenye behewa la kwanza, akaanza kutazama, akaendelea mpaka la mwisho. Nilishuka nikaenda kumkumbatia. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama sana.

"Haukukuwa mbele," akasema.

"Hapana, mama."

Basi. Hakuniuliza lingine. Siku mbili alinipikia, akanifulia, akazungumza habari za mvua na bei ya mihogo. Siku ya tatu, tukiwa tunamenya mihogo hiyo, akanieleza, mara moja tu, macho yakiwa kwenye kisu.

Lilikuwa behewa la zamani lenye mabenchi ya mbao. Shefu alimkalisha kwenye benchi, na kando yake kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Mama akaweka sufuria zake pale. Watu walijaa mpaka wengine wakasimama kwa mguu mmoja. Mwanamke mmoja alikuja na mtoto mgongoni, mtoto anayeharisha, akaomba akae. Mama akamwambia hapa ni pa mwana wangu, yuko mbele, anakuja sasa hivi. Mwanamke akaenda kusimama mlangoni, kwenye upepo. Akarudi mara ya pili, akaomba kwa kumwita mama. Mama akajibu vile vile. Watu walimtukana, mmoja akazitupa sufuria chini, mama akaziokota akaziweka tena. Alilala ameweka mkono juu ya nafasi ile. Kila treni iliposimama aliinua kichwa kutazama kama nimefika.

"Pale Kamina," mama alisema, "alishuka. Mutoto alikuwa amefunikwa yote, na kichwa. Hakurudi kupanda."

Nikaendelea kumenya muhogo ule ule ambao ulikuwa umeshamenywa. Nilitaka kumwambia habari za ukanda, na siku tatu nilizotaka kumwokolea, na sentimita moja nyeupe kila upande, lakini ningeanzia wapi? Mtu aliyeketi na mtoto mapajani anahitaji sentimita sitini. Kipimo hicho nakijua kwa moyo. Nimechora viti vya kumbi na vya makanisa maisha yangu yote.

Mama aliishi miaka kumi na mmoja zaidi. Kanisani alikaa ukingoni kabisa mwa benchi, nusu ya mwili ikiwa nje, na kando yake aliacha nafasi ya mtu. Akiingia mwanamke yeyote na mtoto mgongoni, mama alikuwa ameshasimama kabla hajaombwa, na alibaki amesimama mpaka misa iishe.